Kupiga wilii na kwadi: anza na breki, resi itafuata

Wadau, wengi wanaotaka kujifunza kupiga wilii, yaani kunyanyua kwadi (ile pikipiki ya matairi manne) iende kwa matairi ya nyuma tu, wanaanzia kwenye kidole gumba, yaani wanabana resi mpaka mwisho, mbele inapaa, halafu hawana mpango wowote wa kuishusha. Mimi nafundisha kinyume. Tunaanza na mguu wa kulia, kwa sababu huo ndio unakaa kwenye breki ya nyuma, na ukishapitiliza balansi, yaani ile sehemu kwadi inakaa juu yenyewe, hata ukiachia resi haisaidii tena, kinachoirudisha mbele chini ni breki ya nyuma basi. Mtu akishaielewa breki, wilii yenyewe anaipata haraka kuliko alivyotegemea.

Nitatumia Yamaha Raptor 700 kama mfano maana ndiyo tunayopanda huku Sharjah, Falme za Kiarabu, maeneo ya Al Badayer njia ya kwenda Hatta. Ni silinda moja, cc 686, ina klachi ya mkono wa kushoto, gia za mguu wa kushoto, cheni nyuma, uzito wake kama kilo 190 hivi. Kumbuka huo uzito, ndio utakaokuja juu yako ukipinduka vibaya. Kama una sport kwadi nyingine, yaani kwadi ya michezo kama hii, yenye klachi na cheni mambo ni yale yale. Ila kama ni otomatiki ya mkanda, kama zile nyingi za kutembeza wageni Diani na Nungwi, aisee usijifunzie hapo, haina klachi, resi inachelewa kuitika halafu inakuja yote kwa mpigo, na nyingi ni ndefu na nzito juu. Na usijifunzie kwenye kwadi ya kukodi bila mwenyewe kujua, hilo nadhani halihitaji maelezo.

Mtoto wa chini ya miaka 16 asiwekwe kabisa kwenye kwadi ya saizi hii. Sibishani na mtu kwenye hili.

Hatua ya kwanza, kagua chombo. Anza na matairi ya nyuma, na hapa ndipo watu wanapoteza muda mwingi bila kujua. Sport kwadi inatumia upepo mdogo sana, mara nyingi kama psi 4 hivi, angalia stika ya kiwanda kwenye kwadi yako, sasa kile kipimo cha kawaida cha gari hakisomi vizuri huko chini, tafuta kipimo cha presha ndogo. Cha muhimu kuliko namba yenyewe ni matairi mawili ya nyuma yalingane. Ekseli ya nyuma ni moja, matairi yanazunguka pamoja, kwa hiyo moja likiwa na upepo kidogo kuliko jingine linakuwa kama dogo na kwadi itavuta upande huo, wewe utabaki unalaumu mwili wako kumbe tatizo ni upepo. Halafu angalia nati za ekseli, ulegevu wa cheni, na breki ya nyuma ishike vizuri tangu mwanzo wa pedali, sio mpaka uikandamize chini kabisa. Bampa ya nyuma ya chuma ni lazima, ile ya plastiki hapana, maana ndiyo itakayogusa chini kabla ya wewe. Na zile nyavu za pembeni miguuni, za kuzuia mguu usiteleze kwenda kwenye tairi, ziwepo.

Mavazi: helmeti ya kufunika uso wote, kinga ya kifua na mgongo, viwiko, magoti, glavu, buti ndefu ngumu. Kamba ya kuzima injini ifungwe mkononi kila ukipanda, hata kama unajaribu mita kumi tu. Ukitoka mgongoni mwa kwadi, kamba inachomoka na injini inazima, vinginevyo inaenda peke yake.

Eneo. Tafuta ardhi bapa na ngumu, mbali na barabara na mbali na watu, na kama ina mwinuko mdogo ndiyo bora zaidi, maana mlima unakusaidia kunyanyua na papo hapo unapunguza spidi. Matuta laini ya mchanga sio mahali pa kuanzia, matairi yanachimba badala ya kushika. Huku jangwani sisi tunaenda alfajiri, mchanga ukiwa na unyevu wa usiku unashika vizuri, na pia kiangazi saa nne asubuhi jua limeshakuwa kali huwezi kufikiri sawasawa ndani ya helmeti.

Sasa zoezi la breki. Gia ya pili, tembea taratibu, simama kidogo kwenye futresti, kisigino cha buti kimekaa vizuri na vidole vya mguu viko juu ya pedali ya breki bila kuikandamiza. Ongeza resi kidogo, gusa breki ya nyuma, usikie pua inavyoinama. Rudia tena na tena mpaka mguu ufanye wenyewe bila kuamriwa. Zoezi hili linachosha na kila mtu anataka kuliruka, usiliruke. Fanya pia zoezi la kutokea nyuma: kwadi imesimama, injini imezimwa, unasimama kwenye futresti, unaachia stelingi na kurudi nyuma juu ya bampa mpaka utue kwa miguu miwili. Mwili unatakiwa uijue hiyo njia kabla haujaihitaji.

Na sikiliza hili vizuri: usishushe mguu chini kwadi ikiwa inatembea. Kwenye pikipiki mtu amezoea kuchomeka mguu akiyumba, kwenye kwadi tairi la nyuma linashika kisigino na kupanda juu ya mguu wako. Miguu ibaki kwenye futresti, au utoke kabisa kwa nyuma, hakuna katikati.

Kunyanyua kwenyewe. Gia ya pili tena, maana ya kwanza kwenye Raptor ina hasira sana, spidi kama ya mtu anayekimbia pole pole. Kaa nyuma kidogo kwenye siti, mikono imelegea. Kandamiza stelingi chini ili shokapu za mbele zibonyee, na zinaporudi juu, hapo hapo sukuma resi kwa kidole na usogeze mwili nyuma. Huvuti kwa nguvu za mikono, unaning'inia tu uzito wako. Matairi ya mbele yatanyanyuka kiasi, labda kiganja kimoja. Gusa breki, shusha. Basi, hiyo ni wilii ya kwanza, na kwa siku nzima usitake zaidi ya hiyo. Nyanyua, breki, shusha. Ukiweza kuishusha kwa breki kila unapotaka, ndipo unaruhusiwa kuongeza urefu.

Klachi inakuja baadaye. Vidole viwili kwenye klachi, resi ikiwa imetulia, ivute kidogo tu injini ipande mlio, achia kwa haraka lakini sio kwa kuitupa. Itanyanyuka kwa kasi zaidi kwa hiyo mguu wa breki uwe umeshajiandaa kabla vidole havijaachia.

Kadiri unavyopanda juu kuna sehemu kwadi inakuwa nyepesi ghafla, mikono haibebi kitu, na resi uliyokuwa unahitaji kuishikilia juu haihitajiki tena. Hiyo ndiyo balansi. Wanaoanza wakifika hapo wanabana zaidi kwa uoga, wakati palipaswa kupunguza. Ukiwa chini ya balansi unaongeza resi kidogo, ukiwa juu yake unagusa breki kidogo, na wilii ndefu yote ni hayo mawili yakipokezana, resi, breki, resi, breki, mguso mdogo mdogo ambao mtu anayekuangalia hauoni kabisa. Nguvu ya injini ni ya kunyanyua tu. Kukaa juu ni kazi ya mguu.

Kwenye kwenda moja kwa moja, kwadi inakudanganya kidogo. Kwa kuwa umesimama juu ya matairi mawili mapana huanguki upande kirahisi kama pikipiki, lakini ikianza kuelekea kushoto haitarudi yenyewe, na stelingi haina kazi matairi yakiwa hewani. Unairudisha kwa nyonga na kwa kukandamiza futresti ya upande unaotaka kwenda. Ikizidi, shusha uanze upya. Na ukishusha hakikisha stelingi imenyooka, matairi yakigusa chini yamepinda kwadi inakurusha pembeni. Bakiza resi kidogo wakati inashuka ili itue taratibu, usiiangushe.

Baada ya kila mzunguko shuka uangalie alama zako mchangani, ni mwalimu mzuri kuliko video. Alama za mbele zinapotea wapi na kurudi wapi, huo ndio urefu wako halisi. Zile mbili za nyuma zikipinda kila mara upande mmoja, kapime upepo kwanza kisha angalia unavyokaa. Na ukiona mchirizi mmoja katikati yao, hiyo ni bampa imekwaruza chini, ina maana ulikuwa juu mno na breki ilichelewa, rudi kwenye zoezi la breki hata kama ulijiona uko vizuri.

Kubadilisha gia ukiwa juu achana nako mpaka uweze kuishikilia gia ya pili kwa utulivu. Ukianza kupiga ndefu sana, kumbuka oili na mafuta vyote vinakimbilia nyuma injini ikiwa imeinama hivyo, kwa hiyo oili iwe kwenye kiwango chake kila siku na taa yoyote ya onyo ikiwaka shusha hapo hapo. Ukimaliza, kabla hujaiosha, pitia tena nati za ekseli, cheni, welding za bampa na viungo vya stelingi, maana kutua kwingi kunavilegeza na huwezi kuvisikia mpaka siku vimeachia.