Somo: Kuwa mtetezi wa wanyama kisheria ukiwa Lindi au Mtwara

Usitafute chuo chenye shahada ya "utetezi wa wanyama". Kwetu Tanzania watu huingia kazi hii kupitia sheria, udaktari wa mifugo au uhifadhi.

Hatua ya 1. Kabla ya kuchagua kozi, soma sheria mbili: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ng'ombe aliyerundikwa kwenye lori bila maji anaangukia ile ya kwanza. Tembo wa Liwale, ile ya pili. Kasa wa Ghuba ya Mnazi ana sheria za uvuvi na hifadhi za bahari pia.

Hatua ya 2. Chagua njia. Wa sheria asome mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza), achukue shahada ya sheria, apite Shule ya Sheria Dar es Salaam, ndipo aapishwe kuwa wakili. Asiyeweza kuhama nyumbani, Chuo Kikuu Huria kina vituo Lindi na Mtwara. Wa udaktari wa mifugo asome PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), kisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, miaka 5. Mimi naiheshimu sana njia hii, maana kesi ya ukatili bila ripoti ya daktari hulegea. Wa uhifadhi ana vyuo vya wanyamapori vya Mweka na Pasiansi.

Hatua ya 3, na hii ndiyo iliyonifanya niandike: kaa na wakulima. Tembo wakiingia shambani usiku mmoja, chakula cha mwaka kimekwisha. Ukifika Liwale au Nachingwea na habari za tembo tu, hawatakusikiliza, na wana haki. Jifunze kanuni za 2011 za malipo ya serikali: kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Msaidie mkulima atoe taarifa mapema kwa serikali ya kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya, apige picha, aandike tarehe na ukubwa wa eneo lililoharibiwa. Fedha hiyo si fidia kamili, mwambie ukweli huo tangu mwanzo. Lakini mkulima aliyeachwa peke yake ndiye anayeshawishika kutega boga lenye sumu.

Maswali

Msomaji wa Masasi: Shikamoo mwalimu. Nimeishia kidato cha nne. Nimechelewa?

Marahaba mwanangu, hujachelewa. Ukiwa na ufaulu wa sayansi, omba astashahada ya afya ya mifugo LITA, wakala wa serikali wa vyuo vya mifugo. Ofisa mifugo wa kata huyaona mateso ya wanyama kabla ya wakili yeyote. Vinginevyo, kuwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua.

Msomaji wa Kilwa: Mwalimu, ajira zipo kweli?

Wakili anayeishi kwa kesi za wanyama peke yake ni nadra. Ila TAWA (mamlaka ya wanyamapori), TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), halmashauri na ofisi za mashtaka zinahitaji wanaoijua sheria hii. Mwaka 2019 Mahakama ya Kisutu ilimfunga Yang Fenglan, raia wa China, miaka 15 kwa biashara ya pembe za ndovu. Nyuma ya hukumu kama hiyo wapo wapelelezi na waendesha mashtaka walioajiriwa.

Msomaji wa Mtwara mjini: Jirani anampiga mbwa kila jioni na kumnyima maji. Nianzie wapi?

Kwa ofisa mifugo wa kata, na polisi kama mbwa ameumizwa. Andika tarehe na ulichokiona kwa macho yako. Uani kwake usiingie.