Somo: Kosa moja, video ya dakika tatu

Walimu wenzangu, habari za kazi. Wengi wetu tunapakua programu kwanza, kisha tunatafuta cha kufundisha nayo. Leo tuanzie kwenye daftari la mwanafunzi: tuchukue kosa moja, tulitengenezee video fupi ya kuwatumia wanafunzi.

1. Chagua kosa linalojirudia. Langu ni hili: 1/2 + 1/3 = 2/5. Unalisahihisha kwa wino mwekundu mpaka unachoka. Linafaa video kwa sababu linaonekana kwa macho: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, yaani mtu kajumlisha akabaki na pungufu ya alichoanza nacho!

2. Chukua karatasi mbili za ukubwa mmoja, kila moja uigawe vipande sita sawa. Ya kwanza paka rangi vipande vitatu (ndiyo 1/2), ya pili viwili (ndiyo 1/3); jumla yake, 5/6, ndilo jibu utakalofunua. Laza simu juu ya rundo la vitabu, kamera ichungulie ukingoni, irekodi mikono yako tu. (Wapo wanaoogopa kuonekana sura kuliko kufundisha, hii ni yenu.) Kaa karibu na dirisha, feni izimwe.

3. Rekodi, ila kabla ya kufunua jibu sema: "Simamisha video, andika jibu lako na sababu." Hatua hii usiiruke hata ukiwa na haraka. Anayetazama mfululizo hudhani ameelewa kwa sababu wewe umeelewa.

4. Tuma kwenye kundi la darasa. WhatsApp hubana video, maandishi madogo yakafifia. Ukiituma kama faili hubaki ilivyo, lakini bando litaliwa. Kwenye mipangilio, ruhusu wasimamizi pekee kutuma ujumbe mpaka saa ya majadiliano, la sivyo video itazama chini ya salamu.

5. Kesho yake usiirudie video. Anza na majibu yao, hasa yaliyokosewa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nusu ya darasa langu hawana simu.*
Basi isiwe kazi ya nyumbani, wala isitolewe alama. Ionyeshe darasani, simu moja kwa kikundi kidogo, na kalamu ya kuandika jibu awe nayo kila mmoja.

*Mzazi amelalamika namba yake inaonekana kwa watu asiowajua.*
Ana haki, kundini kila mtu huona namba za wenzake. Tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast): ujumbe humfikia kila mmoja peke yake. Sharti awe amehifadhi namba yako, vinginevyo hautamfika.

*Nikiiweka YouTube, dunia nzima itaiona?*
Si lazima. Kuna chaguo ambalo video haitokei kwenye utafutaji, anaiona mwenye linki tu. Ila linki husambazwa, kwa hiyo sura na majina ya watoto yasiwemo kabisa.

*Nimerekodi mara tisa, kila mara naboronga.*
Ukikosea, jisahihishe hapohapo na uendelee, kama ufanyavyo ubaoni. Tuma hiyo ya tisa.