Kutenganisha Chupa kwenye Mkanda kwa Tofauti ya Kasi

Mwenye kiwanda kidogo cha maji, sharubati au asali hapa Nairobi hukutana na tatizo la nafasi siku anapoongeza mashine ya kubandika lebo. Chupa hutoka kwenye mashine ya vifuniko zikiwa zimebanana, ilhali mashine ya lebo inataka moja ipite, ibaki nafasi, ndipo nyingine ifuate. Jawabu ambalo hupendekezwa mara nyingi ni skurubu ndefu ya plastiki ngumu, yenye mifuo inayopokea chupa moja moja na kuziachanisha kadiri inavyozunguka. Ni kifaa kizuri, lakini huchongwa kwa umbo la chupa fulani. Ukibadilisha ukubwa wa chupa, huna budi kuchongesha skurubu nyingine, na kila badiliko husimamisha kazi mpaka fundi aifunge na kuilinganisha upya.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, chunguza mashine inayopokea chupa inahitaji nini hasa. Mashine ya lebo yenye sensa (kihisi), printa ya tarehe na kihesabio huitambua zenyewe kila chupa inapofika mbele yake. Zinachohitaji ni pengo lisilopungua kiasi fulani, na pengo likizidi kidogo hakuna kinachoharibika. Mashine ya kufunga vifuniko yenye gurudumu la mapengo, ambalo lazima kila pengo lipokee chupa yake kwa wakati wake, ni jambo tofauti, na hapo skurubu inastahili gharama yake. Nimeona skurubu nyingi zikifungwa mbele ya mashine za kundi la kwanza, ambako mikanda miwili inayobeba chupa kwa kasi tofauti ingetosha kabisa.

Kanuni yake ni nyepesi. Chupa zilizogusana kwenye mkanda wa polepole zikiingia kwenye mkanda wa kasi, kila moja huvutwa mbele ikaiacha ile inayoifuata. Chukua chupa ya nusu lita yenye kipenyo cha milimita 65, na mashine ya lebo inayopitisha chupa 40 kwa dakika ikitaka milimita 130 kutoka katikati ya chupa hadi katikati ya inayofuata. Mkanda wa kwanza utakwenda mita 2.6 kwa dakika, yaani 40 mara milimita 65, na wa pili mita 5.2 kwa dakika, yaani 40 mara milimita 130. Uwiano ni mmoja kwa mbili, na pengo lililo wazi kati ya chupa ni milimita 65. Ukileta chupa ya kipenyo cha milimita 80, uwiano uleule unakupa pengo la milimita 80 bila kubadilisha kipande chochote isipokuwa kusogeza reli za pembeni.

Usiipe kila mkanda mota yake. Funga mota moja na giaboksi yake kwenye shafti ya mkanda wa kasi, kisha uiunganishe shafti hiyo na ya mkanda wa polepole kwa mnyororo: sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) ya meno 15 upande wa kasi na ya meno 30 upande wa polepole, mradi ngoma za mikanda yote miwili ziwe na kipenyo sawa. Kwa mpangilio huo uwiano hauwezi kupotea. Umeme ukikatika na kurudi, mikanda husimama na kuanza pamoja. Opereta akipunguza mwendo wa mota, idadi ya chupa kwa dakika hupungua lakini pengo hubaki lilelile. Sproketi na mnyororo ni vitu ambavyo fundi yeyote wa Industrial Area anavifahamu, na hilo lina uzito wake siku kitu kinapovunjika.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni mkanda wa polepole, kwa kuwa huo ndio unaopima. Mtambo wa kwanza nilioujenga kwa njia hii, katika kiwanda kimoja cha maji, ulifanya kazi vizuri asubuhi, lakini kufikia mchana mapengo yalikuwa yamevurugika. Foleni ya chupa nyuma yake ilikuwa imerefuka, na msukumo wake ukazitelezesha chupa zenye vitako vilivyolowa maji juu ya mkanda kwa kasi kuliko mkanda wenyewe. Tuliuvisha mkanda huo mpira unaoshika, tukavifuta vitako kwa hewa, na tukaweka sensa ya kusimamisha mkanda wa nyuma foleni inapofika alama fulani. Reli nazo zisiache zaidi ya milimita 2 au 3 za ulegevu, kwa sababu kwenye njia pana chupa hujipanga kwa kupishana: njia ya milimita 90 huzileta chupa za milimita 65 karibu hadi milimita 60 katikati kwa katikati, na mapengo huanza kutofautiana.

Mkanda wa kasi, kinyume chake, unapaswa kuteleza kidogo, ili chupa ishike mwendo polepole badala ya kung'olewa miguu. Jaribio lake halihitaji chombo chochote: simamisha chupa iliyojaa juu ya kipande cha mkanda utakaoutumia, kisha uinue upande mmoja taratibu. Ikiteleza kabla ya kuanguka, itavuka salama. Ikianguka kwanza, tafuta mkanda laini zaidi, au gawa ongezeko la kasi kwa mikanda mitatu badala ya miwili.

Kuhusu mahali pa kuvukia, mimi hupendelea kuweka mikanda ubavu kwa ubavu kwa urefu wa sentimita 30 hivi, reli zikiihamisha chupa kutoka mmoja hadi mwingine. Nyuso za mikanda lazima ziwe sawa kabisa kwa kimo. Ukiiweka kichwa kwa kichwa, utalazimika kuziba mwanya kwa kibati, na chupa ya mwisho ya siku itabaki imesimama juu yake bila chupa nyingine ya kuisukuma.

Mnyororo na sproketi zifunikwe kabla ya kuwasha mota; Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizingirwe. Kisha pitisha chupa 100 zilizojaa, zikiwa na maji ya kawaida kwenye vitako, simamisha na kuanzisha mtambo mara kadhaa katikati, na upime pengo dogo kabisa utakaloliona. Hilo ndilo la kulinganisha na mahitaji ya mashine ya lebo, wala si wastani.