Mwenzako wa hosteli akizimika kwa pombe

Usimlaze chali, matapishi yatamkaba. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, kiganja cha juu kiwe chini ya shavu, mdomo uelekee chini. Mfinye. Hashtuki? Au pumzi hazifiki 8 kwa dakika, zinapishana zaidi ya sekunde 10, au fizi zimegeuka buluu? Huo si usingizi. Bodaboda haifai, ataanguka. Tafuteni gari, mpelekeni Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, hata kama ni saa tisa usiku.

Kahawa chungu ya barazani (tunajua mnaiamini sana) na ndoo ya maji baridi havitoi pombe mwilini: bia moja ya mililita 500 huchukua ini kama saa mbili. Akiwa alikunywa gongo na anaona ukungu, huenda ni methanoli, aina ya pombe yenye sumu. Nendeni na chupa.