Kontrola janja ya kumwagilia nyasi Mbeya na Iringa: namna ya kuichagua na kuifungia sensa ya mvua

Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Unaanza Novemba, unakata Aprili au Mei, na kuanzia hapo nyasi hukaa miezi mitano, sita, bila mvua ya maana. Kwa hiyo mfumo wa kumwagilia hapa una kazi mbili: kiangazi utoe maji kwa kipimo bila kumaliza simtank, na kifuku ukae kimya. Kazi ya pili ndiyo inayoshinda mifumo mingi, kwa sababu mtu hununua kontrola (kisanduku kinachofungua na kufunga valvu za maji kwa ratiba) kwa kuvutiwa na programu yake ya simu, sensa ya mvua akaiona kikorombwezo tu. Fuata utaratibu huu: maji kwanza, kisha sensa, kontrola mwisho.

Kama uko Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, fikiri mara mbili kabla ya kununua chochote. Mpira wa maji na tima ndogo ya kufunga kwenye koki vinatosha kwa wiki chache za ukavu. Maelezo haya yanamfaa zaidi mtu wa Iringa, Makambako au Mbeya mjini.

Hatua ya 1: Pima maji uliyonayo

Chukua ndoo ya lita 20, fungua koki ya nje hadi mwisho, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 60, una lita 20 kwa dakika. Panga kutumia robo tatu yake, yaani lita 15. Hiyo robo iache kwa ajili ya siku ambazo presha ya bomba inashuka.

Kisha pima presha kwa geji, maji yakiwa yanatembea. Springla za kawaida za kunyunyiza zinataka kama bar 2, na zile zenye nozeli ya kuzunguka zinataka karibu bar 2.8. Hapa ndipo simtank ya juu ya mnara inapowaangusha watu. Kila mita 10 za kimo hutoa bar 1, kwa hiyo simtank iliyo mita 3 juu inakupa bar 0.3. Springla haitainuka. Baya zaidi, valvu nyingi za umeme hutegemea presha ya maji yenyewe kukandamiza kiwambo cha ndani kifunge. Presha ikiwa ndogo mno, kiwambo hakikai sawasawa, valvu inavuja usiku kucha na asubuhi simtank iko tupu.

Dawa ni pampu. Ukisoma kibao chake, usichanganye namba mbili: kiwango kikubwa cha maji na kimo kikubwa cha kupandisha havipatikani kwa wakati mmoja. Muulize muuzaji akuonyeshe mchoro wa pampu, utafute inatoa lita ngapi kwa dakika kwenye kimo cha mita 30. Asipokuwa na mchoro, nenda duka lingine. Na kwa kuwa mgao wa maji upo, weka swichi ya boya ndani ya simtank ikate pampu maji yakiisha. Pampu ikizunguka kavu, sili yake huungua.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya nyasi

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Anza na milimita 15 kwa wiki Juni na Julai kukiwa na baridi, 20 Agosti, na 25 Septemba na Oktoba, jua na upepo vinapokaza. Ukoka ukibadilika rangi kuwa wa kijivu na alama ya kiatu ikabaki bila kuinuka, ongeza kidogo.

Chukua bustani ya mita 10 kwa 12, yaani mita za mraba 120. Kwa milimita 20, inataka lita 2,400 kwa wiki. Weka springla tisa katika mistari mitatu, kila moja ikirusha maji hadi ilipo jirani yake. Umbali ni mita 5 upande mmoja na 6 upande mwingine. Kwa nozeli za kuzunguka za ukubwa huo, ya pembeni kabisa (robo duara) hutumia kama lita 1.5 kwa dakika, ya ukingoni (nusu duara) 2.8, ya katikati 5.6. Jumla ni karibu lita 23 kwa dakika, nawe una 15. Basi gawa kanda mbili, kila moja na valvu yake: pembe nne na ile ya katikati ni lita 11.6, kingo nne ni 11.2. Kila kanda dakika 35, mara tatu kwa wiki, unapata kama lita 800 kwa siku ya kumwagilia. Simtank ya lita 1,000 inatosha ikiwa inajazwa kabla ya zamu inayofuata.

Usichanganye nozeli za kunyunyiza na za kuzunguka kwenye kanda moja. Kwa saa moja, za kunyunyiza hutoa maji kama mara nne ya zile za kuzunguka, kwa hiyo upande mmoja utakuwa matope na mwingine vumbi.

Hatua ya 3: Chagua sensa ya mvua

Kontrola nyingi zinazoitwa janja husoma utabiri wa intaneti na kuruka zamu mvua ikitabiriwa. Milimani usiliamini hilo peke yake. Mvua inaweza kumwagika Uyole huku Iyunga kukiwa kukavu, na kituo ambacho programu inakitumia huenda kiko uwanja wa ndege, mbali na nyumba yako. Sensa iliyo juu ya paa lako inajua mvua iliyoanguka kwako. Utabiri uwe msaidizi.

Ya visahani ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi. Ndani ina visahani vinavyofyonza maji na kuvimba hadi vikabonyeza swichi. Haihitaji betri ikiwa ni ya waya, na mvua ikikata, visahani hukauka polepole kama nyasi zenyewe, ndipo kumwagilia kurudi. Ina pete ya kuchagua milimita 3, 6, 12, 19 au 25. Chagua 6. Ukiweka 3, ukungu na umande mzito wa Mbeya au Njombe unaweza kusimamisha kumwagilia bure, na manyunyu ya mwanzo wa Novemba hayafiki hata kwenye mizizi.

Ya kibakuli cha kupinduka hupima mvua kwa vipande vya kama milimita 0.2, lakini inataka kontrola inayohesabu mapigo yake. Vumbi la Septemba na utando wa buibui huziba mdomo wake, kwa hiyo itakutaka uisafishe. Ya unyevu wa udongo ni nzuri, ila huwakilisha sehemu ile tu ilipochimbiwa.

Hatua ya 4: Nunua kontrola

Angalia transfoma kabla ya kitu kingine chochote. Iandikwe 230V, 50Hz, na itoe 24V AC. Zinazotoka Marekani mara nyingi ni za 120V; ukichomeka kwenye umeme wetu inaungua papo hapo. Ndani kuwe na sehemu mbili za kuunga sensa, kwa kawaida zimeandikwa SEN, na sehemu ya pampu iliyoandikwa MV au P. Ratiba ihifadhiwe ndani ya kontrola yenyewe, isije ikategemea bando lisilokatika. Wi-Fi yake nyingi ni ya 2.4GHz tu, basi hakikisha ruta yako inarusha masafa hayo.

Hatua ya 5: Unga

Kwa valvu nne unahitaji kebo ya nyaya tano: moja kwa kila valvu, na moja ya pamoja. Viungo vyote vya ardhini viwe vya kofia zenye grisi. Selotepu itaoza kabla ya kifuku kuisha. Pampu usiiunge kamwe moja kwa moja kwenye kontrola. Kontrola iwashe rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) ya 24V, na rilei ndiyo iwashe pampu. Upande wa 230V mwachie fundi umeme mwenye leseni. Kabla ya valvu weka chujio, na valvu ya kuzuia maji yasirudi, ili mbolea ya bustani isiingie kwenye maji ya nyumbani.

Sensa ifungwe mahali wazi, mita moja au zaidi kutoka kwenye miti na ukingo wa paa lingine, isifikiwe na springla. Ondoa kipande cha waya kinachounganisha SEN mbili, uunge nyaya za sensa. Kikibaki, kontrola itapuuza mvua zote.

Hatua ya 6: Panga kwenye simu

Weka alama ya ramani juu ya nyumba yako kwa kidole. Programu ikikisia mahali kwa mtandao, huweza kukuweka Dar es Salaam, ambako kuna vuli na masika, na ratiba yako ikaharibika. Chagua saa za UTC+3, yaani saa za Tanzania. Alfajiri ya saa 11 iandike 05:00. Ukiandika 11:00 nyasi zitamwagiliwa saa 5 mchana, maji yakipeperuka kwa upepo. Njombe na Makete, usiku wa baridi kali wa Juni na Julai, sogeza hadi saa 3 asubuhi, nyasi zisikutane na sakitu zikiwa zimelowa. Kama kuna marekebisho ya msimu, hakikisha Julai haikuwekwa kuwa kilele. Programu nyingi zimetengenezwa kwa majira ya Ulaya na Marekani.

Kwenye mteremko gawa dakika 35 kuwa mara tatu, na mapumziko ya dakika 30 katikati, maji yazame badala ya kukimbilia kwa jirani.

Hatua ya 7: Jaribu, kisha tafuta kosa

Bonyeza kijiti cha juu cha sensa kwa kidole. Kontrola ionyeshe kuwa sensa imezuia. Fanya hivi kila Oktoba mwishoni, kwa sababu visahani vilivyokaa miezi sita kwenye vumbi hukwama.

Mfumo ukigoma kumwagilia hata kukiwa kukavu, shuku waya wa sensa uliokatika: sensa nyingi hufunga mzunguko zikiwa kavu, basi waya ukikatika kontrola hudhani kunanyesha. Ukimwagilia mvuani, angalia kile kipande cha SEN.

Kanda moja isipofunguka, chomoa nyaya za valvu upime kwa multimita. Koili nzima husoma kati ya omu 20 na 60. Ikisoma chini ya 10 imeungua. Isiposoma kitu, waya wake umekatika. Kanda isipofunga, fungua valvu utoe mchanga chini ya kiwambo, kisha safisha chujio ambalo liliruhusu mchanga huo kupita.