Kabla ya kushika kopo la rangi: kuandaa pikipiki kuukuu nyumbani

Anza na kadi, kwa kuwa kuitazama hakugharimu kitu. Kadi ya usajili ya Tanzania inataja rangi ya chombo, na logibuku ya Kenya vilevile. Pikipiki nyekundu ikigeuka nyeusi huku kadi ikibaki nyekundu, trafiki atakayekusimamisha ana sababu ya kukuuliza umeitoa wapi. Mabadiliko huandikishwa TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania, NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya. Asiyetaka mzunguko huo apake rangi ileile ya kwenye kadi, ubunifu auhamishie kwenye mistari na siti. Halafu tafuta namba ya chasisi, ambayo kwa pikipiki nyingi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Ipige picha, na siku ya msasa usiisogelee na grainda wala kuizibia kwa puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde.

Tuchukue mfano wa Honda CG125 iliyochoka: tangi la chuma, vifuniko vya pembeni vya plastiki, madigadi ya bati, fremu ya bomba. Mwenyewe anataka siti fupi ya bapa, madigadi ya nyuma ikatwe, usukani ushuke. Kukata, kuchomelea na kutoboa kote kuishe kabla ya rangi kununuliwa, na betri pamoja na siidiai (kifaa cha umeme kinachowasha cheche ya plagi) vifunguliwe kabla ya fundi kuwasha mashine ya kuchomelea. Mkia wa fremu usikatwe mbele ya pale shokapu za nyuma zinaposhikia. Ukimaliza, funga pikipiki nzima ikiwa chuma kitupu. Mkalishe mtu mzito nyuma uone kama tairi linagusa madigadi iliyokatwa. Zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto: usigonge tangi, na kebo zisivutike. Kebo ya akseli iliyopitishwa vibaya hukazika ukikata kona, injini ikapanda yenyewe. Afadhali uligundue hilo sasa kuliko baada ya rangi, maana kila kifaa kinachofunguliwa mara ya pili hurudi na mkwaruzo.

Sasa tangi, na hapa usiwe na haraka. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu linalolipuka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kufuata jiko la mkaa lililo hatua kadhaa mbali. Mwaga mafuta nje, vua koki na kifuniko, suuza kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu, uliache wazi kivulini. Tangi lenye tundu usimpelekee mchomeleaji kwa kumwambia tu kwamba mafuta yameisha. Anayejua kazi atalijaza maji karibu na juu kabla ya kuwasha moto, na asiyejua usimwachie.

Mulika ndani kwa tochi. Kutu ya unga mwekundu huondoka kwa siki nyeupe: jaza mpaka shingoni, ziba tundu la koki, acha saa 24, tikisa na nati chache za chuma, mwaga, kisha suuza kwa maji yenye vijiko viwili vya magadi soda ili kuua asidi. Zihesabu nati zinapoingia na zinapotoka. Kausha papo hapo kwa hewa ya kompresa au mashine ya nywele, la sivyo kutu changa inarudi siku hiyohiyo. Haya yafanyike kabla ya rangi, kwa sababu siki na maji machafu hutiririka nje. Kagua pia mshono wa chini na pembeni mwa koki: jaza maji, weka gazeti kavu chini, subiri usiku kucha. Doa dogo tu la unyevu maana yake rangi itavimba malengelenge mahali hapo ndani ya miezi, hata ukiipaka vizuri namna gani.

Kabla ya kuchagua aina ya rangi, iulize rangi ya zamani ni nini. Chovya kitambaa cheupe kwenye thina, kiweke juu ya tangi dakika moja, usugue. Rangi ikitoka kitambaani au ikikunjamana, usipake kitu juu yake. Thina ya rangi mpya itaipenya na yote itajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Itoe mpaka chuma. Isipotikisika, inatosha kuififisha kwa msasa namba 400.

Kwa chuma kitupu, anza na msasa namba 80 kwenye kutu, 180 kwenye puti, 320 hadi 400 kwenye praima (rangi ya msingi inayoshikisha ile ya juu), na 600 hadi 800 wa maji kabla ya rangi yenyewe. Usiruke hatua: mikwaruzo ya 80 haifichwi na praima, inasubiri praima ikauke na kusinyaa, ndipo ijitokeze wiki ya pili. Puti ya kopo na hadna yake, yaani dawa ya kuigandisha, huchanganywa kwa asilimia 2 hivi ya uzito, yaani puti ya ukubwa wa mpira wa gofu kwa hadna ya ukubwa wa punje ya harage. Kuongeza hadna ili ikauke upesi ni kosa la kila siku. Ziada hupanda juu na kuacha doa la njano kwenye rangi nyepesi. Puti isizidi unene wa milimita 3, na isisuguliwe kwa maji: inanyonya, na kutu inaanza chini yake ukiwa huioni.

Plastiki ina sheria zake. Geuza kifuniko cha pembeni usome herufi za nyuma, zinazotaja aina ya plastiki. ABS inapokea rangi vizuri baada ya msasa laini, lakini dawa ya kubandua rangi huiyeyusha. PP haishiki kitu bila praima yake maalumu, na rangi iliyopakwa bila hiyo hutoka kwa ukucha.

Mafuta ya silikoni ndiyo adui asiyeonekana. Polishi ya tairi, spreyi ya kung'arisha dashibodi, mafuta ya cheni: tone moja hewani hufanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya duara vinavyofanana na macho ya samaki. Yafungie nje ya chumba wiki nzima kabla. Pangusa kila kipande kwa dawa ya kuondoa grisi ukitumia vitambaa viwili, cha kupakia na cha kukaushia, na baada ya hapo usikiguse kwa mkono mtupu.

Kwa makopo ya spreyi ya mililita 400, tangi, vifuniko viwili na madigadi mbili hutaka mawili ya praima, mawili hadi matatu ya rangi na mawili ya kliya, ile ya mwisho inayoonyesha kama kioo. Nunua yote siku moja, hasa kama ni metaliki (yenye chembe zinazometa), maana kopo la wiki ijayo laweza kutofautiana kidogo na tofauti ikaonekana juani. Kwa kompresa, nusu lita ya rangi iliyokwisha kuchanganywa inatosha vipande hivyo. Bunduki ya tundu la milimita 1.3 kwa rangi na kliya, 1.7 kwa praima, presha karibu baa 2. Weka chujio la maji kwenye bomba, kwani kompresa ya pwani hutema maji.

Kliya ya kawaida isiyo na hadna haivumilii petroli. Utajaza mafuta, tone litamwagika kando ya kifuniko, na kesho rangi imelainika. Tangi linahitaji kliya ya hadna, na hapo ndipo mapafu yanapoingia: hadna hiyo ina kemikali iitwayo isosianeti, inayoweza kumpa mtu pumu isiyoondoka. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haisaidii hata kidogo. Kiwango cha chini ni barakoa ya mpira yenye vichujio vipya vya mvuke na vya chembechembe, miwani, glavu na mikono mirefu, mahali hewa inapopita. Huna? Fanya maandalizi yote, praima na rangi mwenyewe, kisha mlipe fundi mwenye chumba cha kupulizia apige kliya ya tangi peke yake. Hiyo si aibu.

Siku nayo huchaguliwa. Pwani, Juni hadi Septemba ni rafiki. Masika si wakati wake. Asubuhi mapema hewa ina unyevu na rangi huota ukungu mweupe, jioni wadudu hufuata taa na kufia kwenye kliya, kwa hiyo panga kazi kati ya saa nne na saa nane mchana, kivulini. Mwagia sakafu maji kutuliza vumbi, ning'iniza vipande kwa waya, zima kila moto.

Kwa bolti, chukua kadibodi, chora umbo la pikipiki, toboa na uchomeke kila bolti mahali pake. Kwenye fremu, ziba kwa tepu nyuzi za bolti, vikombe vya beringi za usukani na pale waya wa ethi unapofungwa. Rangi haipitishi umeme, na pikipiki nzuri isiyowaka taa mara nyingi inadai kukwanguliwa sehemu ndogo tu kama sarafu. Egzosti isipakwe rangi hii. Ina yake ya kustahimili joto, na hukomaa injini ikiwashwa kwa vipindi vifupi.

Panga pia wiki moja ya kutotumia pikipiki. Kliya ya hadna hushikika kesho yake, lakini tangi lisifungwe kwa mikanda wala kutiwa mafuta kabla ya siku saba.