Jinsi ya kufuatilia msimu mzima wa matembezi ya kasi ukiwa na simu, bando na daftari

Wengi wetu matembezi ya kasi, ule mchezo wa riadha wa kushindana kutembea bila kukimbia, tunayaona mara moja kwa miaka minne, Olimpiki ikifika, tunaangalia dakika mbili tatu jinsi nyonga zinavyocheza afu tunabadilisha chaneli. Ni hasara kubwa sana, maana huu mchezo ukiuangalia siku moja hauuelewi, unauelewa ukiwafuata watembeaji walewale kutoka mji hadi mji, unaona nani mwezi wa pili alikuwa anapigwa kadi ovyo na waamuzi na mwezi wa tano ametulia, nani anabana nguvu zake, nani anaumia kimyakimya. Kwa hiyo nawapa njia ninayoitumia mimi, na yeyote mwenye simu anaweza.

Cha kwanza ujue unachofuatilia. Shirikisho la riadha la dunia lina mfululizo wa mashindano unaoitwa World Athletics Race Walking Tour. Zamani ukiitwa IAAF Race Walking Challenge (IAAF ni jina la zamani la shirikisho hilo) na ulianza 2003. Siyo ligi ya timu, ni mtembeaji mmoja mmoja anazunguka kwenye mashindano yaliyopangwa kwa ngazi, dhahabu, fedha na shaba, na anakusanya pointi kulingana na nafasi aliyoshika na ngazi ya shindano lenyewe, mwisho wa msimu waliokusanya nyingi wanapata hela. Kanuni za kuhesabu pointi zinabadilikabadilika kwa hiyo kila mwaka ingia kwenye tovuti ya shirikisho usome za mwaka huo, usikariri za mwaka jana. Ila pointi za Tour siyo kitu pekee, matokeo hayohayo yanaingia kwenye rankingi ya dunia na rankingi inachangia kuamua nani anaenda Olimpiki na mashindano ya dunia, ndo maana utaona mtu anapigania nafasi ya 9 kama vile ni fainali.

Sasa kabla hujaangalia shindano hata moja jifunze sheria, ni mbili tu lakini bila hizo utakuwa unaangalia watu wanapita. Ya kwanza, mtembeaji haruhusiwi kuonekana kwa macho ya kawaida miguu yote miwili iko hewani. Zingatia hapo, kwa macho, siyo kwa kamera ya kupunguza mwendo, kwa hiyo ukiona picha mtandaoni ya bingwa kaelea usikimbilie kusema kaiba, mwamuzi anahukumu anachokiona yeye barabarani. Ya pili, mguu unaotangulia ukigusa chini lazima goti liwe limenyooka, na libaki limenyooka mpaka mwili upite juu yake. Basi.

Waamuzi wamesimama sehemu tofauti za njia, na njia yenyewe ni mzunguko mfupi wa kilomita 1 hadi 2 unaorudiwarudiwa, kwa hiyo kila mwamuzi anamuona kila mtu mara nyingi. Akiwa na wasiwasi anamuonyesha mtembeaji kibao cha njano chenye alama, kama ni alama ya wimbi (~) maana yake unakaribia kuelea, kama ni alama ya mshale (>) maana yake goti linakunjika. Hilo ni onyo tu. Akiwa na uhakika anatoa kadi nyekundu, na kadi hiyo haonyeshwi mtembeaji palepale, inaenda kwa karani wa waamuzi na inabandikwa kwenye ubao karibu na njia. Mwamuzi mmoja hawezi kukupa kadi mbili, kila kadi inatoka kwa mwamuzi tofauti. Zikifika tatu unaitwa eneo la adhabu, unasimama pale saa inahesabu, kwenye kilomita 20 ni dakika 2 na kwenye kilomita 35 ni dakika 3 na nusu, afu unaruhusiwa kuendelea, ya nne inakutoa kabisa. Kama kadi ya tatu imekuja mwishoni sana hakuna muda wa kukusimamisha, wanakuongezea hizo dakika kwenye muda wako wa kumaliza. Na kuna mashindano ambayo hayana eneo la adhabu, huko kadi ya tatu tu unatoka, kwa hiyo angalia mapema.

Hapa ndo penyewe na naomba mnielewe vizuri: usimwangalie anayeongoza, angalia ubao. Mwenye kadi mbili kilomita ya 8 utamuona anarudi nyuma ya kundi na mtangazaji atasema kachoka, wala hajachoka, anaogopa kadi ya tatu, amepunguza urefu wa hatua ili mguu urudi chini mapema. Mwenye kadi sifuri yuko nafasi ya 6 ametulia, huyo ndo wa kumpigia mahesabu maana kilomita 4 za mwisho ana uhuru wa kusukuma na wenzake hawana. Kwenye Olimpiki ya Sydney 2000 Bernardo Segura wa Mexico alivuka mstari wa kumaliza akiwa wa kwanza kwenye kilomita 20, akawa tayari kwenye simu anaongea na rais wa nchi yake, ndo akaambiwa umetolewa, dhahabu ikaenda kwa Robert Korzeniowski wa Poland. Siku chache baadaye Jane Saville wa Australia akatolewa anaongoza, yuko mlangoni mwa uwanja, kwao. Na msidhani ni mambo ya zamani, kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo 2025 Toshikazu Yamanishi, mwenye rekodi ya dunia ya kilomita 20, mbele ya Wajapani wenzake, alisimamishwa dakika 2 akapotea kabisa kwenye medali na Caio Bonfim wa Brazili akashinda.

Daftari lako sasa. Chora mistari, upande wa kushoto andika namba na majina ya watu kumi hivi unaowafuata, juu andika kilomita 5, 10, 15 na mwisho, na pembeni acha nafasi ya kadi, kila kadi inapotokea kwenye skrini au kwenye matokeo ya moja kwa moja weka alama yake ya wimbi au mshale pamoja na kilomita iliyotokea. Alama ni muhimu kuliko idadi. Mtu wa mawimbi tatizo lake ni spidi, akipunguza kidogo anapona, lakini mtu wa mishale mara nyingi ni uchovu au jeraha, na akianza kupata mishale mapema siku hiyo ina uwezekano mkubwa wa kumuishia vibaya. Ukifanya hivi mashindano matatu manne mfululizo daftari lako litakuambia mambo ambayo hutayasikia kwa mtangazaji yeyote.

Kwa spidi kariri kipimo kimoja: kilomita 20 kwa dakika 4 kila kilomita ni saa 1:20:00. Wanaume wanaoshinda ngazi ya dhahabu mara nyingi wako chini ya mwendo huo. Rekodi ya Yamanishi ya Kobe, Japani, Februari 2025, ni 1:16:10, yaani karibu 3:48 kwa kilomita, akitembea, jaribu wewe kukimbia hata kilomita mbili kwa mwendo huo. Kabla yake ilikuwa 1:16:36 ya Yusuke Suzuki, aliiweka Nomi mji wa kwao Machi 2015, wiki moja tu baada ya Yohann Diniz wa Ufaransa kuivunja, na ikadumu karibu miaka kumi. Kwa wanawake Yang Jiayu wa China ana 1:23:49 ya 2021.

Kwenye kalenda usijaribu kufuata kila kitu utachoka. Anza na Japani mwezi wa pili na wa tatu, Kobe na Nomi, wanatembea kwa spidi ya kutisha. Afu Dudince kule Slovakia mwezi wa tatu, ni mji mdogo wa chemchemi lakini una historia ndefu kwenye umbali mrefu, ndo pale Evan Dunfee wa Kanada alipovunja rekodi ya kilomita 35 Machi 2025 kwa 2:21:40, na miezi miwili baadaye Massimo Stano wa Italia akaishusha hadi 2:20:43 Poděbrady, Jamhuri ya Czech. Poděbrady nayo iweke kwenye orodha, pamoja na Rio Maior ya Ureno, na usikose kabisa La Coruña ya Hispania karibu mwezi wa tano au wa sita, mimi naona ndo bora kuliko yote, wanapita katikati ya mji na watu wamejaa pembeni.

Saa ndo inawaangusha wengi. Shindano la Japani la saa tatu asubuhi kwao kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku, kwa hiyo weka alamu au subiri marudio ila uzime notifikesheni. Ulaya iko nyuma yetu saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi, Ureno ongeza saa moja nyingine hapo. Striming mara nyingi ni ya bure YouTube, inawekwa na waandaaji au chama cha riadha cha nchi husika, kwa hiyo tafuta jina la shindano kwa lugha ya huko, Hispania na Ureno andika marcha utaipata haraka zaidi. Bando likiwa dogo fungua ukurasa wa matokeo ya moja kwa moja peke yake, hauli data, ukiwa na daftari unaweza kulielewa shindano zima bila picha.

Kitu kingine kipya, kuanzia 2026 umbali rasmi umebadilika, kilomita 20 na 35 zimepisha nusu marathoni na marathoni. Kilomita 50 ilishaondoka zamani, mara ya mwisho kutembewa kwenye Olimpiki ilikuwa Sapporo, kwenye michezo ya Tokyo, 2021. Kwa hiyo unapolinganisha usichukue muda wa nusu marathoni ukauweka pembeni ya rekodi ya kilomita 20 ukasema watu wameshuka viwango, gawa kwa kilomita ndo ulinganishe. Mi binafsi sijafurahia sana kuona rekodi za kina Yamanishi na Yang zinabaki kwenye umbali usiotembewa tena mashindano makubwa.

Na wa kwetu je? Wapo. Samuel Gathimba wa Kenya alichukua shaba ya Jumuiya ya Madola Gold Coast 2018, Emily Ngii akachukua shaba Birmingham 2022, na Heristone Wanyonyi akashinda dhahabu ya dunia ya vijana chini ya miaka 20 pale Kasarani 2021, mita 10,000 kwa 42:10.84. Shida yao kubwa ni kwamba mashindano mengi ya Tour yako mbali, tiketi ya ndege, viza, hoteli, mtu anaenda moja wakati Mhispania anaenda manne akiwa karibu na kwao, na pointi zinahesabiwa kwa wote sawa. Kwa hiyo kwenye daftari lako waandike hata kama hawaongozi, afu majaribio ya taifa yakifanyika Nairobi na uko karibu nenda, simama kwenye kona ya kugeuzia siyo kwenye mstari wa kumaliza, maana pale kwenye kona mtembeaji anapunguza afu anasukuma tena, na hapo ndo utaona kwa macho yako goti likinyooka au likikataa kunyooka, hatua tatu mbele yako.